Jinsi ya Kupima Amri ya Rais wa Marekani

Unaposikia kwamba rais wa Marekani amevuka mipaka ya madaraka yake, isome kwanza amri yenyewe katika gazeti rasmi la serikali, ukitafuta kifungu cha katiba au sheria ya Bunge anayoitegemea, kwa kuwa makelele ya wanasiasa hayathibitishi jambo. Mwaka 1952 Rais Harry Truman alitwaa viwanda vya chuma bila sheria ya kumruhusu, na Mahakama ya Juu, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaibatilisha amri hiyo. Kama suala ni fedha zilizoidhinishwa na Bunge ambazo rais amezizuia zisitumike, rejea sheria ya mwaka 1974 ya kudhibiti uzuiaji huo (Impoundment Control Act), inayomtaka rais aliarifu Bunge. Kisha, na hapa ndipo penye uzito, fuatilia iwapo serikali inaitii hukumu ikishatolewa.