Jinsi ya Kuchambua Mechi ya Mwisho wa Msimu Mliyoipoteza: Mfano wa Broncos, 2023

Mechi ya kufunga msimu ikipotea, uchambuzi wake hufanyika katika siku mbaya kuliko zote: wachezaji wanafunga mabegi, hakuna mechi ya wiki ijayo ya kusahihishia makosa, na kila mtu amekwisha kumpata wa kumlaumu. Mwongozo huu ni wa kocha, nahodha au katibu wa timu ya raga ya ligi, yaani raga ya wachezaji 13 kila upande, ambaye anatakiwa kuandika taarifa ya kipigo cha namna hiyo. Mfano nitakaoutumia ni fainali ya ligi ya Australia, NRL, iliyochezwa Sydney tarehe 1 Oktoba 2023, ambapo Brisbane Broncos walifungwa 26-24 na Penrith Panthers ilhali katika kipindi cha pili walikuwa wakiongoza 24-8.

Usiifungue video siku hiyohiyo. Anza na hesabu, kwa sababu hesabu haina hasira. Katika mchezo huu trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ina pointi 4, mkwaju unaopigwa baada ya trai una pointi 2, na penalti inayopigwa golini nayo ina pointi 2. Broncos walifunga trai 4 na mikwaju yote 4 ikaingia. Panthers nao walifunga trai 4 na mikwaju yote 4 ikaingia. Hapo ni 24 kwa 24. Pointi 2 zilizoamua ubingwa zilitokana na penalti aliyoipiga Nathan Cleary kabla ya mapumziko, iliyowapeleka Panthers chumbani wakiwa mbele kwa 8-6. Ni nani aliyekuwa akiikumbuka penalti hiyo pale Ezra Mam wa Broncos alipofunga trai 3 mfululizo ndani ya takriban dakika 10 za kipindi cha pili? Sisemi kwamba ndiyo iliyowaangusha Broncos, kwani bila hiyo mechi yote ingechezwa vingine. Ninachosema ni kwamba taarifa yako iorodheshe kila penalti mliyoitoa, hata ile ambayo wapinzani hawakuipiga golini, pamoja na sehemu ya uwanja ilipotokea na kosa lenyewe lilikuwa nini.

Baada ya hapo chukua daftari, uifungue video, na uhesabu zamu badala ya kuhesabu matukio yaliyowafurahisha au kuwaudhi watu. Timu yenye mpira huruhusiwa kuangushwa mara 6 kabla ya kuusalimisha, na kila mzunguko wa namna hiyo ndio zamu moja. Chora safu tatu: dakika, mahali zamu ilipoanzia, na namna ilivyokufa. Mstari mmoja unaweza kusomeka hivi: "Dakika ya 61, mita 20 kutoka mstari wetu, mpira umedondoka baada ya kuangushwa mara ya pili." Mstari huo mfupi una mengi ndani yake. Timu hiyo imejinyima nafasi 4 za kusogea mbele, kisha wachezaji walewale waliokuwa wakihema wanalazimika kukaba zamu nzima ya wapinzani karibu na mstari wao wenyewe. Kwa kuwa sheria huweka kikomo cha mabadiliko ya wachezaji, uchovu unaoingia kwa njia hiyo hautoki kirahisi. Ndiyo maana trai ya dakika ya 70 mara nyingi chanzo chake kimo katika mpira uliodondoka dakika ya 55.

Kuna sheria nyingine ambayo wachambuzi wengi, hasa waliolelewa katika raga ya wachezaji 7, huipita bila kuitazama. Katika raga ya ligi timu iliyofungwa ndiyo inayopiga mpira wa kuanzisha mchezo upya, hivyo aliyefunga huupata mpira tena. Mawimbi ya trai tatu tatu hupata nguvu hapo. Yaliwabeba Broncos kwanza, kisha yakawageukia: katika dakika 20 za mwisho walifunga Moses Leota, Stephen Crichton, na hatimaye Cleary mwenyewe, ingawa mwenzake Jarome Luai alikuwa amekwisha kutoka uwanjani kwa maumivu ya bega. Kwa hiyo, kwa kila trai mliyofungwa, rudi nyuma zamu tatu na uulize mlifanya nini mara ya mwisho mlipokuwa na mpira, kisha songa mbele zamu moja na uulize mliwazuia wapi walipourudishiwa.

Sehemu ngumu ni ya majina. Video ikisimamishwa mahali mpira ulipodondoka, chumba kizima humgeukia mtu mmoja. Broncos hawa hawa walilijua jambo hilo tangu fainali ya 2015 dhidi ya North Queensland Cowboys. Walikuwa mbele 16-12 muda ulipokwisha, lakini Kyle Feldt wa Cowboys akafunga trai pembeni katika shambulio la mwisho, na mkwaju wa Johnathan Thurston ukagonga mlingoti. Mchezo ukaingia muda wa nyongeza, ambapo anayepata pointi kwanza hushinda, Ben Hunt wa Broncos akaudondosha mpira wa kuanzia, na muda mfupi baadaye Thurston akapiga mkwaju wa pointi 1, ule unaopigwa golini mchezo ukiendelea, uliomaliza mechi 17-16. Hunt aliandamwa na mpira ule kwa miaka, kana kwamba yeye ndiye aliyeiacha Cowboys ifike pembeni mwa uwanja mwishoni mwa dakika ya 80. Mwaka 2025 alikuwamo katika kikosi cha Broncos kilichoifunga Melbourne Storm 26-22 na kutwaa ubingwa.

Katika taarifa yako, basi, usiandike jina la mchezaji kwenye kosa kabla hujaandika zamu tatu zilizolitangulia. Ukiziandika na jina bado linahitajika, mwite mwenyewe umwoneshe video mkiwa wawili tu, kabla wenzake hawajasoma.

Taarifa isizidi kurasa mbili. Igawe kabla watu hawajatawanyika kwa mapumziko, na daftari la zamu ubaki nalo wewe. Siku ya kwanza ya mazoezi ya msimu mpya lifungue kwenye ukurasa wa dakika 20 za mwisho, na zoezi la kwanza litokane na mstari unaojirudia mara nyingi zaidi katika ukurasa huo.