Toyota IST: hesabu ya kila kilomita na matunzo yanayoiokoa injini

Muulize mwenye gari Dar es Salaam gari lake linamgharimu kiasi gani, atakutajia mafuta. Mafuta anayalipia kila wiki, kwa hiyo anayakumbuka. Oili, tairi, betri, bushi na bima huja mara mojamoja, kwa fungu kubwa, na aghalabu vinaukuta mfuko mtupu. Hapo ndipo oili inasogezwa mbele mwezi mmoja, kisha miwili, rejeta inaongezwa maji ya bomba, na mwakani injini inachemsha. Njia ya kuepuka hayo ni kuhesabu gharama kwa kilomita na kutenga pesa kwa kilomita, maana vitu vingi kwenye gari vinachakaa kwa mwendo.

Tunatumia mfano wa IST za mwanzo, zilizoanza kutengenezwa 2002, zenye injini ya 1NZ-FE (cc 1,500) au 2NZ-FE (cc 1,300). Sehemu kubwa ya maelezo haya inaifaa pia Probox, Platz au Raum yenye injini hizohizo.

Anza na ulaji wa mafuta

Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze hata tone, kisha rudisha tripu (kihesabu cha kilomita za safari kwenye dashibodi) kwenye sifuri. Endesha mpaka ibaki robo tanki. Rudi kituo kilekile, pampu ileile ikiwezekana, jaza tena mpaka ijikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita ulizoweka. Kilomita 374 kwa lita 34 ni kilomita 11 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu ndipo uiamini namba yako. Usipime kwa mshale wa dashibodi, kwa sababu haushuki kwa kipimo kimoja kutoka juu hadi chini.

Namba hiyo ndiyo daktari wako wa kwanza. Njia ikiwa ileile, foleni ileile, na gari likashuka kutoka 11 hadi 9, kuna kitu: upepo mdogo kwenye tairi, breki inayoshika, filta ya hewa iliyojaa vumbi, plagi zilizochoka, au themostati, valvu inayodhibiti mzunguko wa maji ya rejeta, iliyong'olewa (hili tutalirudia hapa chini).

Sasa weka bei. Bei kikomo za mafuta Tanzania hutangazwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo badilisha hesabu yako kila mwezi. Kwa urahisi wa mfano, tuseme lita ni shilingi 3,000: gari la kilomita 11 kwa lita linakula shilingi 273 kila kilomita.

Gharama zilizojificha

Chukua gari linalotembea kilomita 1,000 kwa mwezi. Bei zifuatazo ni za mfano. Weka zako ulizouliza dukani, Kariakoo, Ilala au mkoani kwako.

Oili, filta na ufundi, tuseme 120,000 kila kilomita 5,000, ni shilingi 24 kwa kilomita. Tairi nne kwa 520,000 zikidumu kilomita 40,000 ni shilingi 13. Bushi, linki na shokapu, tuseme 400,000 kwa kilomita 40,000, ni shilingi 10. Betri ya 180,000 ikikaa miaka mitatu ni shilingi 5. Pedi za breki za mbele ni kama shilingi 2 na nusu. Bima ndogo ya 118,000 kwa mwaka ni karibu shilingi 10. Kulanti (maji maalumu ya rejeta), haidroliki (oili) ya gia, plagi na filta ya hewa kwa pamoja wape shilingi 8.

Jumla inakaribia shilingi 73. Kwa kilomita 1,000 ni kama 73,000 kwa mwezi, mbali na mafuta ya 273,000. Kila unapojaza mafuta, soma tripu, zidisha kwa 73, na hiyo pesa ihamishe papo hapo kwenye akaunti au laini ya simu usiyoitumia kwa mambo mengine. Tanki moja la kilomita 374 linadai 27,300. Siku ya kumwaga oili ikifika, pesa ipo, na huna sababu ya kuisogeza.

Oili

Injini ya 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha na chenji inabaki ya kuongezea. Tumia yenye namba ya uzito 5W-30 au 10W-30. Mafundi wengi watakushauri uweke oili nzito kwa kuwa "nchi yetu ni ya joto" au kwa kuwa gari ni la zamani. Usikubali kirahisi. Injini hii ina VVT-i, mfumo unaogeuza muda wa valvu kwa msukumo wa oili kupitia njia nyembamba, na ina cheni inayokazwa na tenshona ya oili. Oili nzito inachelewa kufika huko, hasa asubuhi unapowasha, na cheni inaanza kugonga.

Kwa gari la foleni na vumbi, mwaga kila kilomita 5,000 au kila miezi sita, lipi litangulie. Foleni inaichosha oili bila kilomita kusogea: injini inazunguka, gari limesimama.

Ukitaka kumwaga mwenyewe, washa injini dakika tano ili oili ilainike, kisha zima. Egesha pasipo mteremko, nyanyua kwa jeki na uweke stendi. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Fungua kifuniko cha oili juu ya injini. Fungua boliti ya kumwagia kwa spana namba 14, acha ichuruzike dakika kumi. Boliti irudi na washa (ile pete yake ya kuzuia kuvuja) mpya. Ikaze kwa spana fupi mpaka ikamate, basi. Kipimo chake ni kama Nm 37. Mtu anayeikaza kwa bomba refu anaua nyuzi za sampu (bakuli la oili chini ya injini), na kuanzia hapo gari litavuja kila siku. Filta ifungue, hakikisha mpira wa ile ya zamani haukubaki umeganda kwenye injini, kwa sababu mipira miwili ikikutana oili yote inamwagika barabarani. Paka oili kidogo kwenye mpira wa filta mpya, izungushe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Mimina lita 3 kwanza, halafu kidogokidogo. Washa dakika moja, chungulia chini, zima, subiri dakika tano, pima kwa kijiti. Oili ikae karibu na alama ya juu bila kuipita.

Baada ya hapo pima kila Jumamosi. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna takriban lita moja, kwa hiyo utajua injini inakula kiasi gani. Ikiwa inapungua na chini hakuna tone, inaungua ndani: ringi zimeganda au sili za valvu zimekauka. Injini inayokula oili inaweza kuishi miaka ukiiongezea. Inayokufa ni ile ambayo hakuna aliyeipima.

Maji ya rejeta

Hapa ndipo tunapoomba usome polepole, kwa kuwa injini nyingi ndogo zinafia hapa. Bloku na silinda hedi za injini hizi ni aluminiamu. Aluminiamu ikizidiwa joto inapinda, gasketi inapasuka, na unaanza kutafuta injini nyingine.

Kulanti haikuwekwa kwa ajili ya barafu ya Japani tu. Inazuia kutu, inalainisha sili ya pampu ya maji na inapandisha kiwango cha kuchemka. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima, yana chumvi zinazoganda kwenye mirija ya rejeta kama utando wa birika. Tumia kulanti iliyokwisha changanywa, au nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri (angalia usiuziwe asidi). Mfumo mzima unachukua kama lita 5.

Kifuniko cha rejeta ni kidogo na watu hukidharau, ilhali ndicho kinachotunza mgandamizo. Maji yakiwa kwenye mgandamizo wa takriban bar 1 juu ya hewa ya kawaida huchemka karibu nyuzi 120 badala ya 100. Mpira wake ukikauka, maji yanachemka mapema na kutokea kwenye chupa ya akiba. Dalili iko wazi: chupa inajaa gari likiwa la moto, asubuhi haishuki, na rejeta yenyewe imepungua. Badilisha kifuniko, na kagua bomba jembamba la kwenda kwenye chupa kama halina ufa.

Themostati je? Mafundi wengi huing'oa na kukuambia gari litapoa zaidi. Kinachotokea ni kwamba injini inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, ulaji unapanda, na chanzo halisi cha kuchemsha hakijaguswa. Kama gari linachemsha na themostati imekwama, weka mpya.

Kujaza maji bila kunasa hewa: injini ikiwa baridi, nyanyua pua ya gari kidogo, fungua kifuniko, weka hita kwenye joto la mwisho, mimina taratibu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, bonyezabonyeza bomba la juu, ongeza kadiri viputo vinavyotoka. Feni ikiwaka na kuzima mara mbili, zima, acha ipoe, jaza, funga. Viputo vikiendelea bila kukoma tangu injini ikiwa baridi, bomba likiwa gumu dakika chache baada ya kuwasha, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, gasketi ya hedi imepasuka.

Feni ijaribu kila mwezi: washa AC, usikilize. Isipozunguka, anza na fyuzi na rilei kabla ya kununua mota.

Magari mengi madogo ya Toyota hayana mshale wa joto; yana taa ya bluu kwa baridi na nyekundu kwa hatari. Nyekundu ikiwaka, zima AC, fungua hita yote, toka barabarani, zima injini. Usijikaze kufika nyumbani "hapo tu". Usifungue kifuniko kwa angalau nusu saa, na usimwagie injini maji baridi.

Gia, tairi, betri, breki

Haidroliki ya gia ya otomatiki ibadilishwe kila kilomita 40,000 kwa kumwaga na kurudishia kiasi kilichotoka. Kwa gia ya 1NZ-FE ni kama lita 3. Soma kijiti cha kupimia, aina imeandikwa humo, T-IV. Ukiwa na gari la CVT (gia ya otomatiki inayotumia mkanda na puli) usiweke hiyo kamwe. Haidroliki isiyo yake inaharibu mkanda na puli, na gia boksi ya CVT ikifa hesabu yetu yote ya shilingi 73 inavurugika.

Tairi zina namba nne zinazoonyesha umri: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye kashata nzuri lakini ya miaka kumi imekakamaa, na inapasuka kwenye joto la barabara ya Morogoro. Pima upepo asubuhi kabla ya kutembea, ufuate kibandiko cha mlango wa dereva, siyo mazoea ya mtu wa pancha. Tairi ikilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo; katikati, umezidi; upande mmoja, peleka alaimenti; mawimbimawimbi, angalia shokapu.

Betri iliyopumzika usiku kucha isome volti 12.6. Kwenye 12.2 iko nusu. Injini ikiwaka inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5, ikiwa chini ya hapo, usinunue betri, kagua alteneta na mkanda.

Pedi za breki zibadilishwe zikifika unene wa milimita 3, na fundi asafishe na kupaka grisi pini za kalipa, la sivyo upande mmoja utashika na ulaji wa mafuta utapanda. Maji ya breki hufyonza unyevu hewani, na pwani unyevu ni mwingi: badilisha yote kila miaka miwili.

Karatasi

Ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa Tanzania 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo usimlipe mtu anayekudai. Bima ndogo inalipa hasara uliyowasababishia wengine. Gari lako lenyewe hailigusi. Bima kubwa kwa gari binafsi kwa kawaida ni kuanzia asilimia 3.5 ya thamani, kisha VAT juu yake. Ukishalipia, usiridhike na ujumbe wa wakala: ingiza namba ya gari kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya usimamizi wa bima, uone bima imesajiliwa na inaisha lini. Na kabla ya kununua gari lililokwisha tumika nchini, tafuta namba yake kwenye mfumo wa faini wa polisi; notisi moja ni 30,000, na zikiwa zimerundikana bila kulipwa, mdai atakukamata wewe uliye nyuma ya usukani.