Kabla ya Kununua Mfuko wa Kampuni Ndogo, Tafuta Kwanza Mlango wa Kutokea

Watu huniletea taarifa ya mfuko wa kampuni ndogo, yaani mfuko unaokusanya fedha za wawekezaji na kununua hisa za kampuni ndogo, wakiwa wamekwisha kupigia mstari sehemu moja tu: faida ya mwaka uliopita. Mimi huanzia kwingine. Huwauliza, siku utakayoihitaji fedha yako, hisa zilizo ndani ya mfuko huu atazinunua nani? Udogo wa kampuni na uchache wa wanunuzi ndivyo vinavyoufanya mfuko wa aina hii uweze kulipa vizuri, na ndivyo hivyo hivyo vinavyokubana soko likigeuka. Ukilishika hilo, hatua zinazofuata zitakuwa nyepesi. Andaa kikokotoo, karatasi, na ripoti ya karibuni kabisa ya mfuko unaoufikiria.

Hatua ya 1: Jua "ndogo" ina maana gani ndani ya mfuko huo

Ukubwa wa kampuni sokoni hupimwa kwa kuzidisha bei ya hisa moja kwa idadi ya hisa zote. Marekani, kampuni yenye thamani ya kati ya dola milioni 300 na dola bilioni 2 kwa kawaida huitwa ndogo. India haitumii kiwango cha fedha, inatumia foleni: kampuni zote hupangwa kwa thamani, na kuanzia ya 251 kwenda chini zinahesabiwa ndogo. Mfuko unaojiita wa kampuni ndogo kule unatakiwa kuweka humo angalau asilimia 65 ya mali yake.

Kwa hiyo usiliamini jina. Fungua orodha ya hisa, tazama kumi za kwanza, kisha tafuta thamani ya kila kampuni. Nimewahi kukuta mfuko "wa kampuni ndogo" ambao hisa zake kubwa zaidi zilikuwa za kampuni zilizokwisha kukua na kupita mstari huo zamani. Si lazima liwe kosa, ila ulichonunua sicho ulichodhani.

Hatua ya 2: Elewa faida inatoka wapi

Kampuni inayouza bidhaa za milioni 10 inaweza kufika milioni 20 kwa kupata wateja wachache wapya. Kampuni kubwa kabisa haina nafasi hiyo. Kampuni ndogo pia haifuatiliwi na wachambuzi wengi, hivyo meneja wa mfuko mwenye bidii anaweza kukuta kitu kizuri ambacho wengine hawajakiona. Na mara nyingine kampuni kubwa huja kuinunua nzima kwa bei iliyo juu ya ile ya soko.

Mwaka 1981 mtafiti Rolf Banz alichapisha utafiti kuhusu hisa za soko la New York, akaonyesha kwamba kampuni ndogo zilikuwa zimelipa zaidi ya kampuni kubwa hata baada ya kuzingatia hatari yake kwa vipimo vya wakati ule. Wauzaji wa mifuko wanaupenda sana utafiti huo. Wasichokisema ni kwamba katika miaka iliyofuata tofauti hiyo ilififia, na kuna vipindi virefu ambapo kampuni kubwa ziliziacha ndogo mbali. Chukua faida hiyo ya ziada kama jambo linalowezekana. Usiiweke kwenye bajeti ya nyumbani kana kwamba ni mshahara.

Hatua ya 3: Geuza asilimia ya anguko kuwa fedha

Andika kwenye karatasi kiasi unachotaka kuweka. Tuseme 1,000,000.

Sasa tazama Russell 2000, faharisi (kipimo cha mwendo wa bei za kundi la hisa) ya kampuni ndogo za Marekani iliyoanzishwa 1984. Kuanzia kilele chake cha 2007 hadi Machi 2009 ilianguka karibu asilimia 60. Fedha yako ingebaki 400,000, na ili irudi pale ilipoanzia ingehitaji kupanda asilimia 150. Faharisi hiyo ilikigusa tena kilele cha 2007 mwaka 2011. Kisha Februari na Machi 2020 ilishuka zaidi ya asilimia 40 ndani ya takriban wiki nne, lakini ikaufunga mwaka huo huo ikiwa juu.

Mtu aliyeuza Machi 2020 aliibeba hasara yote ya anguko hilo, na aliyekaa akamaliza mwaka na faida, ingawa wote wawili walikuwa na mfuko ule ule. Kwa hiyo iandike ile 400,000 kwa tarakimu kubwa, uitazame, ujiulize kama ungeweza kuiacha hapo miaka minne huku ada za watoto au kodi ya nyumba vikikusubiri. Ukiona moyo unasita, punguza kiasi sasa hivi, wakati kupunguza hakukugharimu chochote.

Hatua ya 4: Piga hesabu ya mlango

Kaa sana kwenye hatua hii. Wengi huiruka, na ndiyo iliyowaumiza watu wengi niliowahi kuwaona wakiumia.

Chagua kampuni moja kati ya zile kumi za juu. Ripoti ya mfuko itakuonyesha idadi ya hisa za kampuni hiyo ambazo mfuko unazishikilia, tuseme 900,000. Nenda kwenye takwimu za soko, tafuta wastani wa hisa za kampuni hiyo zinazouzwa kwa siku, tuseme 20,000. Meneja hawezi kumwaga hisa zote kwa mkupuo bila kuiangusha bei mwenyewe. Akijizuia kuuza si zaidi ya moja ya tano ya biashara ya siku, atauza hisa 4,000. Gawanya 900,000 kwa 4,000: siku 225 za soko. Mwaka una takriban siku 250 za soko. Kutoka kwenye kampuni hiyo moja kunataka karibu mwaka mzima, ilhali wewe umeahidiwa fedha yako ndani ya siku chache tu baada ya kuomba.

Tazama pia bei zenyewe. Kama mnunuzi wa juu anatoa 98 na muuzaji wa chini anataka 102, anayenunua na kuuza papo hapo amepoteza karibu asilimia 4 kabla kampuni haijafanya lolote. Siku za hofu pengo hilo hupanuka, na wanunuzi wengine hujiondoa kabisa.

Jambo hili limetokea hadharani. Juni 2019 huko Uingereza, mfuko wa Woodford Equity Income ulisimamisha malipo kwa wawekezaji waliotaka kutoka. Jina lake halikutaja kampuni ndogo popote, lakini ndani ulikuwa umebeba hisa nyingi za kampuni ndogo na nyingine ambazo hazijaorodheshwa sokoni kabisa. Maombi ya kutoka yalipozidi, hisa zilizokuwa rahisi kuuzika zilitangulia kuuzwa, na waliobaki wakaachiwa zile nzito. Oktoba mwaka huo uamuzi wa kuufunga mfuko ukatangazwa.

India imechukua hatua ambayo natamani kila soko liige: tangu 2024 mifuko ya kampuni ndogo hutangaza kila mwezi itahitaji siku ngapi kuuza robo na nusu ya mali yake. Kama mfuko wako hautangazi, rudia hesabu ya hapo juu kwa kampuni tano za juu. Zaidi ya nusu zikivuka siku 60, mimi huwa siendelei, hata historia ya meneja iwe nzuri namna gani.

Kuna mifuko ambayo vipande vyake (sehemu za umiliki wa mfuko) huuzwa sokoni kati ya wawekezaji wenyewe, na idadi yake haiongezeki wala kupungua. Humo meneja halazimiki kuuza hisa kwa sababu wewe unatoka, na hilo ni zuri kwa mali ya aina hii. Lakini gharama ya mlango unaibeba wewe: unaweza kulazimika kuuza kipande chini ya thamani ya mali iliyomo.

Hatua ya 5: Chungulia madeni na faida za kampuni

Kampuni ndogo mara nyingi hukopa kwa riba inayobadilika, kwa hiyo riba ikipanda inaumia mapema kuliko kampuni kubwa iliyokopa kwa riba ya kudumu. Nyingine hazijawahi kupata faida hata mwaka mmoja, zinaishi kwa kuuza hisa mpya.

Kama unanunua mfuko unaofuata faharisi, soma kanuni za kuingia humo. S&P SmallCap 600 huitaka kampuni iwe imepata faida kabla ya kuingizwa. Russell 2000 haina sharti hilo. Faharisi zote mbili ni za kampuni ndogo za Marekani, lakini mzigo uliomo haufanani.

Hatua ya 6: Ada

Hii ni fupi. Tuseme mali ya mfuko inakua asilimia 8 kwa mwaka kabla ya ada. Kwa ada ya asilimia 0.3, ile 1,000,000 inakuwa karibu milioni 4.41 baada ya miaka 20. Kwa ada ya asilimia 1.5, inakuwa milioni 3.52. Meneja anayetoza ada ya juu lazima akuonyeshe kazi inayozidi pengo hilo, na akuonyeshe baada ya ada.

Hatua ya 7: Amua kiasi, muda na masharti, kwa maandishi

Fedha ya dharura haiingii humu, wala fedha yenye kazi ndani ya miaka saba ijayo. Kwa wengi ninaowashauri, naona sehemu ya kumi ya uwekezaji wote inatosha. Ukiwa na milioni 10 na kuweka milioni 1, anguko la asilimia 60 linakula asilimia 6 ya mali yako. Ukiweka nusu, linakula asilimia 30, na hapo usingizi unakatika. Gawa ununuzi wako katika miezi 12 ili usiingie wote siku ya kilele.

Kisha andika sababu zitakazokutoa: meneja ameondoka, ada imepanda, mfuko umeanza kununua kampuni kubwa, au hesabu ya Hatua ya 4 imeharibika. Kushuka kwa bei peke yake kusiwemo kwenye orodha hiyo.

Baada ya kununua, kila miezi mitatu angalia ukubwa wa mfuko wenyewe. Mfuko uliofanya vizuri huvutia fedha nyingi, na meneja aliyekuwa akinunua hisa 50,000 za kampuni moja sasa anahitaji 500,000, katika soko lenye wanunuzi wale wale. Ukimwona meneja anafunga mlango kwa wawekezaji wapya wakati bado wanapiga foleni, baki naye. Ukimwona anaendelea kupokea kila kinachokuja, chukua kikokotoo urudi Hatua ya 4.