Matiti yakijaa kabla ya hedhi na bado wanyonyesha

Mashoga mlioanza kuona siku zenu huku mtoto angali ananyonya: matiti yote mawili yakivimba na kuuma siku chache kabla ya damu, yawekeni baridi, si maji moto. Chovya leso kwenye maji ya barafu, ikamue, uiweke dakika 10 hivi baada ya kunyonyesha. Mara nyingi hapo maziwa hayajaziba. Ni homoni za mzunguko zinazofanya titi livute maji, na baridi hupunguza uvimbe. Kukanda moto na kuminya kwa nguvu, kama tunavyoagizwa na wakubwa, huzidisha (na kwa joto la Mombasa la Machi, nani ataka zaidi?). Mtoto anyonye kama kawaida, ila usikamue kupita kiasi, maziwa yataongezeka.

Leso haitoshi ikiwa ni titi moja, pana sehemu ngumu yenye moto, au una homa na kutetemeka. Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu, gusa. Nenda kliniki siku hiyo hiyo, huku ukiendelea kunyonyesha. Donge lisiloondoka hedhi ikiisha lipimwe, hata kama haliumi.