SOMO: Nafuu ya kodi ya majengo kwa wahudumu wa afya wanaohamia mashambani Marekani

Nimechoka kujibu hili inboksi, nalimwaga hapa mara moja. Kama umesikia "huko kaunti za ndani nesi halipi kodi ya nyumba", soma kwanza.

1. Hakikisha nafuu ipo. Hakuna ya taifa zima. Kodi ya majengo hutozwa na kaunti, mji na wilaya ya shule. Omba kanuni kwa maandishi ofisi ya mthamini wa kaunti. Tangazo la ajira si kanuni.

2. Tazama kama kada yako imetajwa.

3. Tenganisha kazi na nyumba. Kituo chako kinaweza kuwa kwenye orodha ya HPSA, yaani maeneo yenye uhaba wa wahudumu (kwa afya ya msingi kipimo cha kawaida ni watu 3,500 kwa daktari mmoja), lakini kodi hufuata nyumba ilipo. Ukinunua ng'ambo ya mpaka wa kaunti, umekosa.

4. Piga hesabu kwa bili halisi. Hapa ndipo watu huumia. Chukua nyumba ya dola 200,000: kaunti 0.5%, mji 0.2%, shule 0.8%. Jumla dola 3,000. Kaunti ikisema "tunakusamehe nusu", wengi husikia 1,500. Hapana! Kaunti husamehe cha kwake, yaani nusu ya 1,000. Umepata 500, ya shule unalipa yote. Tena uliza: wanapunguza kodi, au thamani inayotozwa? Kupunguziwa thamani kwa dola 50,000 kwenye kiwango cha 0.5% ni dola 250 tu. Uliza pia ukihama kabla ya muda mnaokubaliana, unarudisha kiasi gani. Usisaini bila jibu la hilo.

5. Peleka fomu mapema. Majimbo mengi huangalia hali ilivyokuwa Januari 1.

6. Kama benki ndiyo inayokulipia kodi kupitia mogeji (mkopo wa nyumba), wapelekee barua ya kukubaliwa wakokotoe upya. Usipofanya hivyo wataendelea kukukata kile kile.

MASWALI

Kidole_Juu: Mkuu, kwa hiyo nusu ya bili yote inaondoka?

Hatua ya 4.

Kidole_Juu: Nimeisoma haraka haraka.

Isome polepole.

Binti_Famasia: Mimi napanga, sinunui. Napata?

Hapana. Bili ni ya mwenye nyumba, na halazimiki kukushushia kodi ya pango.

Mzee_wa_Zamu: Ahsante kwa somo. Hilo pengo la kodi iliyosamehewa hujazwa na nani?

Swali zuri sana, mzee wangu. Inategemea sheria ya jimbo. Kama kaunti hupanga kwanza jumla ya fedha inazohitaji, kiwango hupanda na majirani zako ndio wanaolipa. Kama kiwango kimefungwa, bajeti ya kaunti inapungua. Ndiyo maana nafuu hizi mara nyingi ni ndogo na zina ukomo wa miaka.

Mzee_wa_Zamu: Basi kuna njia nono zaidi?

Zipo, ila si za nyumba. New Mexico hutoa nafuu kwenye kodi ya mapato ya jimbo: daktari dola 5,000 akitimiza saa zinazotakiwa kwa mwaka kijijini, na nusu yake akifikisha nusu ya saa hizo. Manesi wenye deni la chuo watazame Nurse Corps, mpango wa serikali kuu ya Marekani: hulipa asilimia 60 ya deni kwa miaka miwili ya kazi.

Kidole_Juu: Hiyo 60 inakatwa kodi?

Ndiyo, inahesabiwa kama mapato. Umeona, leo umesoma.