Umeokota chupa ya zamani mto Thames? Jina liache kwanza, cheki mdomo

Watu wengi maji yakishakupwa pale Thames, London, wakiokota chupa kitu cha kwanza wanagugo jina, mi huwa nawaambia jina litakuzingua tu, Bovril kwa mfano, ule mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe, ipo tangu 1886 na mpaka leo iko supamaketi, sasa hapo umejua nini?

Anza na mdomo. Washa tochi ya simu, fuata mshono wa ubavuni kwa ukucha kutoka kitakoni kwenda juu. Ukiishia shingoni, mdomo mara nyingi uliwekwa kwa mkono, yaani ni ya kabla mashine ya Owens ya 1903, ya kutengeneza chupa yenyewe, na wenzake hawajatapakaa. Ukipanda mpaka juu kabisa ni ya mashine, punguza mbwembwe. Shingo ikiwa imebonyea kama imekabwa na ndani kuna gololi, hiyo chupa ya soda ya Codd (jina la aliyeibuni), ya miaka ya 1870 na kuendelea, kuipata nzima ni bahati maana watoto walikuwa wanazivunja wachukue gololi (hata sisi tungevunja).

Vyungu na sahani geuza kitako. Maandishi yamefifia? Usikwangue na kisu! Osha, kausha, pakaza unga wa sembe halafu pangusa kwa kiganja, unga unabaki kwenye herufi zilizochimbwa, mi kigae changu cha kahawia kilikuwa kama jiwe tu mpaka ikatokea DOULTON, yaani kiwanda cha vyungu, chini yake LAMBETH, mtaa wa London kilipokuwa. Wangeandika Royal Doulton ningejua ni 1901 au baadaye. Ukiona umbo kama kashata lenye herufi kwenye kona, dizaini ilisajiliwa kati ya 1842 na 1883, ukiona "Rd No" (namba ya usajili) ni kuanzia 1884. Neno "England" mara nyingi ni kuanzia 1891, Marekani walidai bidhaa za nje ziandikwe nchi zilikotoka.

Kibali cha Port of London Authority, mamlaka inayosimamia mto huo, lazima, hata kama unaokota vya juu juu bila kuchimba, na kitu cha miaka zaidi ya 300 unaripoti.

Halafu chupa yenye kizibo na majimaji ndani usifungue wala kunusa, hasa zile za bluu zenye matuta ubavuni, zilikuwa za sumu, matuta ni ili mtu akipapasa kabatini gizani vidole vimshtue.