Somo: Kuiendesha FFmpeg ndani ya programu yako mwenyewe

Harusi ndizo zilizonifikisha hapa. Studio ninayofanyia kazi, Majengo, hupokea video za kupamba, na wenye shughuli hawana mchezo: video ya wanawake haipandishwi kwenye tovuti ya kubania (kupunguza ukubwa wa faili) ya mtu usiyemjua. Ibanwe papo hapo studioni, na dada wa mapokezi aifanye kwa kitufe kimoja. Nikaandika dirisha dogo kwa Python na Tkinter, maktaba yake ya kutengeneza madirisha. Kubana kwenyewe nimeiachia FFmpeg, programu ya kuchakata video aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2000. Programu yangu inaiita, inaisikiliza na kuisimamisha, basi. Ugumu wote uko kwenye kusikiliza.

Hatua ya 1. Pata urefu wa video kwa sekunde, maana bila huo huna asilimia ya kuonyesha:

ffprobe -v error -show_entries format=duration -of default=noprint_wrappers=1:nokey=1 kupamba.mov

Hatua ya 2. Panga amri kama orodha, usiiunge kuwa sentensi moja. Wateja wetu huleta faili zenye majina kama "Kupamba siku ya 2 (mpya).MOV", na nafasi na mabano hayo huivuruga amri iliyoandikwa kwa mkupuo.

amri = ["ffmpeg", "-y", "-i", chanzo,
 "-c:v", "libx264", "-crf", "23", "-preset", "medium",
 "-vf", "scale=-2:720", "-pix_fmt", "yuv420p",
 "-c:a", "aac", "-b:a", "128k", "-movflags", "+faststart",
 "-nostats", "-progress", "pipe:1", rasimu]

CRF ni namba ya ubora: ikiwa ndogo, picha safi na faili kubwa. 23 ndiyo ya kawaida ya libx264. Hiyo -2 inahakikisha upana unagawanyika kwa mbili, la sivyo kodeki itakataa. Jina la rasimu, yaani faili ya muda inayoandikwa kwanza, liishie .mp4. Mimi niliweka .tmp nikapoteza asubuhi nzima: FFmpeg hutazama mwisho wa jina ili ijue iandike faili ya aina gani.

Hatua ya 3. Hapa ndipo watu wengi huangukia.

p = subprocess.Popen(amri, stdin=subprocess.PIPE,
    stdout=subprocess.PIPE, stderr=kumbukumbu, text=True)
for mstari in p.stdout:
    jina, _, thamani = mstari.strip().partition("=")
    if jina == "out_time_us" and thamani.isdigit():
        foleni.put(int(thamani) / 1000000 / urefu)

FFmpeg ina midomo miwili. Maendeleo yanatoka stdout kwa sababu tumeyaomba, malalamiko yanatoka stderr. Toleo langu la kwanza lilikuwa limeyafungulia mabomba yote mawili lakini likikinga ndoo kwenye moja tu. Video fupi zilipita vizuri. Ya saa mbili, yenye maonyo chungu nzima, ikaganda katikati: bomba la pili lilijaa, FFmpeg ikasimama ikingoja mtu aje kuchota. Ndiyo maana hapo juu stderr inaenda kwenye faili ya kumbukumbu, ambayo pia utaihitaji siku mambo yakiharibika.

Mwanzoni out_time_us huweza kuja na N/A, kwa hivyo isdigit haipo pale kwa urembo. Na usidanganywe na out_time_ms: jina lasema milisekunde, namba ni mikrosekunde.

Kitanzi hicho kiendeshe kwenye uzi (thread) wake. Dirisha lichote kutoka kwenye foleni (queue) kwa after, njia ya Tkinter ya kupanga kazi ya baadaye, kila milisekunde 200 hivi. Ukigusa vitufe vya Tkinter kutoka uzi mwingine, usije kunililia.

Hatua ya 4. Kusimamisha. Andika q kwenye stdin, mlango wake wa kupokea maagizo, flush ili itoke mara moja, kisha ngoja. Ukiiua ghafla, MP4 inabaki bila faharasa yake, ambayo huandikwa mwishoni, na haitafunguka. Msimbo wa kutokea ukiwa 0, yaani imemaliza bila kosa, ipe rasimu jina lake la kudumu. Lakini weka alama yako ya "imesimamishwa": hata baada ya q inaweza kutoka na 0, nawe ukampa mteja nusu harusi.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka, kwenye Windows kila nikibana kunafunguka dirisha jeusi. Wateja wanaogopa, wanadhani ni virusi.
— Pole dada. Ongeza creationflags=subprocess.CREATE_NO_WINDOW kwenye Popen, litatoweka.

Huku Kisauni stima inakatika ovyo. Kazi ya saa nzima inapotea?
— Ukiandika MP4, ndiyo. Bana kwanza kuwa .mkv, ambayo ikikatika huchezeka hadi ilipofikia, halafu ihamishie MP4 kwa -c copy. Kuhamisha hakubani upya, ni dakika chache.

Mteja anataka isizidi MB 700, video ni dakika 100. CRF ngapi?
— CRF haiahidi saizi, ndugu yangu. Piga hesabu: 700 mara 8000, gawa kwa sekunde 6000, unapata kama kilobiti 933 kwa sekunde. Toa 128 za sauti, bakisha akiba kidogo, weka -b:v 780k badala ya -crf, na uipitishe mara mbili kwa -pass 1 na -pass 2. Asilimia yako itafika 100 mara mbili, kwa hivyo kila mzunguko uhesabu nusu.

Laptop yangu ya zamani inachemka kama jiko. Nifanyeje?
— Jaribu -preset veryfast. Faili itanenepa kidogo. Na uinue laptop kutoka kwenye kitambaa cha meza, shehe, na joto hili la Machi.